Tura, mahali pa kutua mzigo: Barua za ofisi zinapoondolewa simuni

Tura ni kijiji cha Reli ya Kati, mashariki mwa Mkoa wa Tabora, katika Wilaya ya Uyui. Jina lake ni kongwe kuliko reli, ambayo iliifikia Tabora mwaka 1912. Richard Burton, Mwingereza aliyepita hapa pamoja na Speke katika miezi ya mwisho ya mwaka 1857, aliandika kwamba neno Tura ni amri: tua, weka chini ulichobeba. Misafara iliyotoka pwani ilikuwa imekwisha kulivuka pori kavu la Mgunda Mkali, na hapa ndipo ilipoyaona mashamba ya kwanza ya Unyamwezi. Mpagazi aliyetembea siku nyingi na frasila mbili begani, yaani kilo zipatazo 32, hakuhitaji mkalimani wa neno hilo.

Tulishuka stesheni ya Tura wakati wa likizo ya shule, kumjulia hali ndugu yetu mmoja ambaye ni mhasibu msaidizi katika kampuni ya kununua mazao mjini Tabora. Alikuwa amekuja kwa mama yake, yeye na mkewe na watoto watatu. Hatukwenda kutafuta habari. Lakini usiku wa kwanza, baada ya swala ya Isha, tulipokuwa tumeketi uani juu ya mkeka na bibi akiwamenyea watoto karanga, tuligundua kitu ambacho hatukukizoea katika nyumba hiyo. Simu ya mwenyeji wetu ilikuwa dirishani, na haikulia hata mara moja.

Mkewe alituona tukiitazama. "Mnashangaa, mashemeji," akasema. "Hii ni likizo ya kwanza tumempata mzima. Zamani alikuwa hapa mwili tu."

Mwenyeji wetu hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kampuni yake iliwafungia watumishi barua pepe katika simu zao binafsi, kwamba siku alipopewa waraka huo alijiona ametuhumiwa wizi, na kwamba kabla ya hapo lilitokea jambo ambalo mama yake bado hajalisahau. Bibi aliendelea kumenya karanga. Jambo lenyewe tulisimuliwa kesho yake, na tumeruhusiwa kuliandika bila ya kutaja jina la mtu wala la kampuni.

Baba yake alifariki dunia miaka miwili iliyopita. Katika wiki za mwisho za ugonjwa, mtoto huyu alimrekodi mzee mara kadhaa kwa simu yake: akiwaombea wajukuu, akieleza mipaka ya shamba, akitaja anaowadai na wanaomdai, kama inavyompasa mtu anayejua safari yake iko karibu. Zilikuwamo picha pia. Simu ilikuwa moja, na hapakuwa na nakala mahali pengine. Bando ni ghali, na nani huwaza kupandisha sauti ya baba yake mtandaoni wakati baba yu hai?

Miezi michache baada ya msiba, alisafiri kwa treni kuja Tura na simu ikapotea njiani. Alidhani imeibwa. Kwa kuwa ni mtu mwaminifu, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuazima simu ya jirani na kuitaarifu ofisi, maana barua za kampuni zilikuwa zikiingia katika simu ile, zikiwamo orodha za mishahara na namba za akaunti za wakulima. Mtaalamu wa kompyuta wa kampuni akamshukuru, akatuma amri ya kuifuta simu kutoka mbali.

Siku ya pili simu ikaletwa nyumbani. Haikuwa imeibwa. Ilikuwa imeteleza chini ya kiti, abiria mmoja akaiokota ikiwa imezimika, akaulizia mpaka akampata mwenyewe. Nyumba nzima ilifurahi. Wakaichaji, wakaiwasha, na mama akaomba asikilizishwe mzee. Simu ilishika mtandao, ikatulia kidogo, kisha kioo kikawa cheusi. Ilipowaka tena iliwauliza wangependa kutumia lugha gani, kama simu inayotoka dukani.

Hakuna aliyefanya uovu katika kisa hiki. Abiria alirudisha amana. Ndugu yetu alitoa taarifa kwa wakati. Mtaalamu alilinda mali ya watu aliyokabidhiwa. Hata hivyo mjane alipoteza sauti ya mumewe mbele ya macho yake, na mpaka leo hajaelewa ni kwa vipi mtu aliyekaa Tabora mjini aliweza kufungua kabati la nyumba ya Tura na kumwaga kila kilichokuwamo.

Aliweza kwa sababu alipewa ruhusa. Barua za kampuni hukaa katika kompyuta moja iitwayo seva. Simu ikishapewa anwani ya mtumishi na nenosiri, hubisha hodi kwenye seva mara kwa mara, huchukua nakala za barua mpya na kuziweka ndani yake. Seva isiyowekewa masharti haiulizi simu hiyo ni ya nani, nani huishika jioni, wala ina nenosiri la kuifungua au haina. Na nakala iliyokwisha kushuka haipotei kwa sababu tu nenosiri limebadilishwa. Inaweza kubaki humo simu inapopelekwa kwa fundi, inapouzwa kwa haraka ili ada ya mtoto ilipwe, au mdogo wa mwisho anapoichukua achezee.

Ndiyo maana seva nyingi huja na masharti kwa upande wa pili. Katika mfumo wa ActiveSync wa Microsoft, ambao simu nyingi huutumia kuzungumza na seva za makampuni, msimamizi anaweza kuisimamisha simu mpya mlangoni mpaka aikubali, kuilazimisha iwe na nenosiri, na ikipotea, kutuma amri ya kukifuta kifaa kizima. Amri hiyo huisubiri simu. Siku itakapowashwa na kushika mtandao, ndipo inapotekelezwa. Mwenye simu alikwisha kuyaridhia yote hayo siku aliyoweka barua za kazi, pale kilipotokea kibao chenye maneno mengi ya Kiingereza na chini yake kitufe cha kukubali. Tumeuliza wafanyakazi kadhaa kama waliwahi kukisoma. Tunadhani msomaji analijua jibu.

Baada ya tukio lile kampuni ilikaa na kubadili utaratibu. Watumishi watatu tu, ambao kazi yao kweli ni ya dharura, walipewa simu za kampuni zenye barua za kampuni. Wengine wote seva iliwafungia mlango wa simu. Barua zao husomwa katika kompyuta za ofisi, saa za ofisi. Ndugu yetu hakuwamo katika wale watatu, na hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mkewe. Kwa miaka sita barua za kampuni zilikuwa mfukoni mwake, na katika mji mdogo jambo hilo ni cheo. Mtu anayeitoa simu katikati ya maongezi ya harusini na kusema "samahani, ni ofisi" huheshimiwa. Waraka ulipokuja akahisi amevuliwa kanzu hadharani.

Sisi tunaona tofauti, na mkewe aliona tofauti kabla yetu. Alitueleza kwamba siku moja, barua za ofisi zikiwa bado zinaingia, alimuuliza mumewe: "Baba watoto, huyu aliyetuamsha saa tisa za usiku ni nani?" Alikuwa mteja wa nchi nyingine ambako kulikuwa mchana. Mtu huyo hakukosa adabu, alituma barua katika saa zake za kazi. Lakini barua yake ilipita ukumbini, ikapita kwenye kitanda cha mtoto, ikaingia chumbani kwa mke na mume bila ya hodi. Wasomaji wetu wanaikumbuka aya ya 58 ya Suratun-Nuur, inayowataka hata watoto na watumishi wa ndani waombe ruhusa nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, mchana watu wanapopumzika na kupunguza nguo, na baada ya Isha. Mtoto wa kuzaa aombe ruhusa, halafu ankara ya magunia iingie tu?

Sheria ya nchi nayo ina la kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Imempa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na ya saa 24 kila wiki. Saa za ziada zinahitaji makubaliano na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Wapo ambao vifungu hivyo vya saa haviwahusu, yaani wenye kusimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mhasibu msaidizi si mmoja wao. Anayejibu barua saa nne usiku na kuanza kazi saa mbili asubuhi amepumzika saa kumi. Hatujawahi kumwona mtu wa ngazi hiyo akiandikiwa saa ya ziada kwa barua aliyoijibu akiwa kitandani, wala hatujamsikia akiidai. Kila mmoja hudhani ni dakika mbili tu.

Ujerumani, kampuni ya magari ya Volkswagen ililitatua jambo hili kwenye seva yenyewe. Mwaka 2011, baada ya makubaliano na baraza la wafanyakazi, seva iliyokuwa ikipeleka barua katika simu zao za BlackBerry iliwekwa isimame nusu saa baada ya zamu kwisha, na ianze tena nusu saa kabla ya zamu ya kesho yake. Wakubwa wa ngazi za juu hawakuhusishwa. Na simu za sauti hazikuzuiwa: aliyekuwa na jambo zito aliweza kupiga. Ufaransa ilifuata kwa njia ya sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2017, makampuni yenye wafanyakazi 50 au zaidi yanatakiwa kujadiliana nao juu ya haki ya kutopatikana baada ya kazi. Jirani zetu wa Kenya walipelekewa mswada wa namna hiyo katika Seneti mwaka 2022 na Seneta Samson Cherargei wa Nandi, na waajiri wakaupinga wakisema utawaumiza.

Hofu ya waajiri haikosi msingi, na Tura yenyewe ina mfano. Mwanzoni mwa utaratibu mpya, barua ya benki iliingia Ijumaa jioni ikiuliza tarakimu moja iliyokosewa katika orodha ya malipo. Zamani ndugu yetu angeijibu akiwa njiani kurudi nyumbani. Safari hii ilikaa mpaka Jumatatu, na wakulima waliokuwa wameahidiwa fedha Jumamosi hawakuzipata. Miongoni mwao alikuwamo jirani wa bibi, mtu wa mbuzi wawili na watoto wengi. Alikuja kuulizia kwa upole, na upole wake ndio uliomfanya mwenyeji wetu ashindwe kumtazama usoni. Kampuni haikuifungua tena seva kwa wote. Iliwapa benki namba ya mmoja wa wale watatu. Jambo la haraka lipigiwe simu, binadamu azungumze na binadamu. Kosa kama hilo halijarudi.

Lipo kosa lililorudi, nalo ndilo linalotusumbua zaidi. Mlango wa barua ulipofungwa, wakubwa wenyewe walianza kupita dirishani. "Nipigie picha ile orodha unitumie kwa WhatsApp," bosi husema siku ya Jumapili. Mwingine huwaagiza watumishi wapeleke nakala za barua katika anwani zao binafsi za Gmail ili wazisome nyumbani. Hapo mambo huwa mabaya kuliko mwanzo. Seva ya kampuni ina msimamizi, ina orodha ya simu, ina kumbukumbu ya nani aliingia lini. Picha ya mishahara ndani ya kundi la WhatsApp haina msimamizi. Itakaa katikati ya picha za harusi na video za mawaidha, na siku simu itakapouzwa, itakwenda nayo. Serikali ililiona tatizo la namna hii kwa watumishi wake, na ndiyo sababu Mamlaka ya Serikali Mtandao ina mfumo wake wa barua pepe za kiofisi, ili kazi za umma zisipite katika anwani za mtu binafsi.

Tena kuna watu ambao hawamo kabisa katika mabishano haya, wala hawajui kwamba yapo. Ni wale ambao majina yao yamo ndani ya barua: mkulima na namba yake ya akaunti, mfanyakazi na mshahara wake, mgonjwa na cheti chake cha daktari kilichopelekwa kuomba ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde, na ipo Tume ya kusimamia hilo. Kwa mtazamo huo, kampuni inayoruhusu orodha ya wakulima wake itembee katika simu ishirini za watu binafsi inacheza na mali isiyokuwa yake. Sisi Waislamu tuna neno moja kwa jambo hili, na wala halihitaji kutungiwa waraka: amana.

Hapa ndipo tulipomrudisha mwenyeji wetu kwa wapagazi wa zamani. Msafara ulipotua, mpagazi hakwenda kulala na bunda la vitambaa au pembe ya tajiri kibandani mwake. Mizigo iliwekwa pamoja, mahali palipojulikana, ikawekewa walinzi. Hakuna aliyeona kwamba ametukanwa. Ikiwa panya ameitafuna usiku au mwizi ameigusa, si yeye wa kuulizwa. Alikwenda kula ugali wake mikono mitupu, na asubuhi akaubeba mzigo uleule. Ndugu yetu alisikiliza, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Lakini wao waliambiwa. Mimi sikuambiwa."

Tunakubaliana naye. Kampuni iliyokuwa na haki ya kufunga mlango ilikuwa na wajibu wa kueleza, na ilikuwa na wajibu mkubwa zaidi wa kueleza miaka sita nyuma, siku mlango ulipofunguliwa. Maneno machache tu yangetosha: ukiweka barua zetu humu tunaweza kuifuta simu yako yote, basi ya kwako yatunzie nakala kwingine. Na njia nyingine zipo. Simu za Android tangu toleo la 5, lililotoka mwaka 2014, zina uwezo wa kutenga sehemu ya kazi mbali na sehemu ya mwenyewe, ili kampuni ikilazimika kufuta ifute chumba chake tu. Inataka mtaalamu wa kuiandaa na muda wa kuwafundisha watu, gharama ambayo kampuni ndogo ya Tabora huiona kubwa hadi siku ya msiba.

Mkewe ana swali lake, ambalo alituomba tuliandike kama alivyolisema, kwa ajili ya wake wengine. Anamuuliza kila mume au kijana wa nyumba anayesema amewekewa barua za ofisi simuni: wakiifuta, ninapoteza nini? Alitufahamisha kwamba amekwisha kuwauliza shemeji zake wawili. Mmoja alikwenda ofisini kuuliza, akarudi akanunua kadi ya kumbukumbu na kuhamishia picha zote kwenye kompyuta ya shule anayofundisha dada yake. Mwingine alikasirika.

Siku ya kuondoka, bibi alitusindikiza mpaka stesheni. Hakutulaumu kwa mazungumzo yetu marefu kuhusu vitu asivyovipenda. Alituomba jambo moja tu: tukifika Tabora mjini tumtafute mpwa wake anayeuza vifaa vya baiskeli, kwa kuwa marehemu alizoea kumtumia ujumbe wa sauti badala ya kuandika, macho yakiwa yamechoka. Huenda umebaki mmoja.

Tulimpata alasiri ileile. Alipekua simu yake muda mrefu, akipitia maagizo ya minyororo na matairi, huku wateja wakisubiri. Ulikuwapo. Sekunde 41. Mzee anamsalimu, anakohoa, anauliza kama mbegu za alizeti zimefika dukani na ni bei gani kwa kilo, kisha anamwambia asisahau kumjibu. Tuliutuma Tura jioni hiyo, baada ya kwanza kuuhifadhi mahali pawili.